Jumba la Nailoni

Nilikuwa mhasibu kwa miaka kumi na minne kabla sijajenga kitalu nyumba, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ningekuwa mtu asiyejua hesabu ningesema nilidanganywa. Lakini hesabu niliipiga mwenyewe, kwenye kompyuta ya ofisini, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, na kila safu ilijumlika sawasawa. Miche 1,000. Kilo 15 kwa mche. Shilingi 1,000 kwa kilo. Milioni 15 kwa msimu, misimu miwili kwa mwaka, milioni 30. Jumba lenyewe la mita 8 kwa 30, pamoja na tanki, mipira ya matone, mbegu na bwana shamba wa miezi mitatu, lilikuwa milioni 11 na nusu. Yaani kabla msimu wa kwanza haujaisha, hela imerudi na chenji imebaki. Nikamwonyesha mke wangu. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia angalia mwenyewe, namba hazina undugu na mtu.

Huo ulikuwa mwaka 2016, na pale Arusha ulikuwa huwezi kukaa kwenye kipaimara wala kikao cha ukoo bila mtu kutaja grinihausi. Wataalamu waliandika kitalu nyumba. Mafundi walisema jumba la nailoni, na mafundi ndio waliokuwa karibu na ukweli. Wauzaji walikodi ukumbi, wakatupa soda na maji ya chupa, wakatuwekea picha ukutani: vichala vya nyanya vimening'inia kuanzia kwenye goti hadi kwenye paa, na mama mmoja ameinua beseni huku anacheka. Miaka miwili mitatu nyuma yake majirani zetu Wakenya walikuwa wameugua kware. Kila mtu afuge kware, mayai yake dawa ya kila kitu, na ghafla kila mtu ana trei za mayai na hakuna wa kumuuzia. Tuliwacheka sana. Mle ukumbini hakuna aliyejiuliza kwamba mwenye soko la uhakika siku ile alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anauza majumba.

Aliyeniuliza swali la maana alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye analima nyanya Ngarenanyuki tangu mimi sijaanza shule. Ngarenanyuki iko upande wa pili wa Mlima Meru. Unapita barabara inayokatiza ndani ya Hifadhi ya Arusha, unaacha msitu na unyevu nyuma yako, unatokea kwenye nchi kavu yenye vumbi la kijivu ambako chochote cha kijani kinaishi kwa mfereji na zamu ya maji. Mjomba hana jumba. Ana robo ekari hapa, nusu kule, nyingi ni za kukodi, na kila baada ya msimu au miwili anahama kipande. Mbegu yake kwa miaka mingi ni Tanya, nyanya ya yai yenye ngozi ngumu ambayo watafiti wa Tengeru waliitoa mwaka 1997. Nilipokwenda kumpa habari njema alikuwa amekaa kwenye tenga lililopinduliwa, anafunga kamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Nasikia unajenga. Hilo jumba litavuna mwezi gani?"

"Likianza halikomi, mjomba. Miezi minne, mitano."

"Sijauliza litavuna kwa muda gani. Nimeuliza mwezi gani."

Nikajibu kitu, sikumbuki nini. Nilimwona mzee wa mambo ya zamani. Kwenye kompyuta yangu hapakuwa na safu ya mwezi.

Fundi aliahidi kumaliza Desemba. Desemba akaenda kwao Krismasi. Januari nguzo zilifika bila boliti. Februari nailoni ikakwama bandarini, au ndivyo nilivyoambiwa, na mwezi Machi mvua zikaanza, na hakuna fundi anayepanda juu ya paa la mita nne kwenye matope. Nilisia mbegu Aprili. Nikahamishia miche ndani katikati ya Mei, nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la ukoo, watu wakaweka vidole gumba. Nyanya huchukua kama siku 75 hadi 90 tangu kuhamishwa hadi kuanza kuiva. Mchumo wangu wa kwanza ulikuwa Agosti.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kila mama muuza genge analijua na mimi sikulijua. Masika ikipiga, Machi hadi Mei, nyanya za nje zinapata bakajani. Majani yanakuwa kama yamemwagiwa maji ya moto, tunda linatoa doa la kahawia, na mkulima anayepiga dawa asubuhi anaoshewa na mvua jioni. Wengi hawapandi kabisa kipindi hicho. Kwa hiyo nyanya inakuwa haba na bei inapanda. Masika ikiisha, baridi na ukavu vikaingia, watu wote wenye mfereji wanapanda kwa pamoja, na wote wanavuna kwa pamoja. Kuanzia hapo soko linajaa mpaka nyanya zinamwagwa kando ya barabara kwa ng'ombe. Jumba la nailoni linakupa kitu kimoja ambacho mjomba hana: uwezo wa kuvuna wakati mvua inanyesha. Kwa nchi yetu faida yake iko kwenye kidirisha hicho cha wiki chache. Anayetaka kuuza Aprili anahamisha miche Januari na anasia Desemba, na kama fundi hajamaliza Desemba, ni afadhali upande mchicha ukasubiri mwaka mwingine. Mimi nilitumia milioni 11 na nusu kununua mwavuli, nikaufungua kiangazi.

Na hata mwavuli wenyewe nilinunua wa watu wa baridi. Uholanzi wanajenga vioo kwa sababu bila joto la kuwasha hawapati nyanya majira ya baridi. Gesi ilipopanda bei mwaka 2022, wakulima wengine kule waliacha majumba matupu. Mteremko wa Meru hauna shida hiyo. Adui zetu ni matone ya mvua juu ya jani, na wadudu. Paa la nailoni na pembeni wavu mtupu vingetosha, kwa pesa pungufu sana. Langu lilifunikwa nailoni hadi karibu na chini, na saa saba mchana kipimajoto nilichotundika katikati kilisoma 38. Kwenye joto hilo maua ya nyanya yanapukutika bila kushika. Hewa imesimama, upepo hauingii kutikisa ua, na nyuki wetu wa asali hawana utaalamu wa kulitetemesha ua la nyanya likamwaga chavua. Wazungu hutumia nyuki manyoya wanaowafuga kwa kazi hiyo. Wa jamii ile hawapo kabisa kusini mwa Sahara. Basi ikawa kila siku saa nne asubuhi kijana wangu anapita na fimbo, anagonga waya wa juu, tap, tap, tap, mche mmoja hadi mwingine, na chavua inashuka kama unga wa dona kwenye mwanga. Ilikuwa inapendeza kuangalia. Ilikuwa pia mshahara wa 120,000 kwa mwezi.

Mlango ulikuwa mmoja. Kitaalamu jumba linatakiwa liwe na milango miwili yenye kijichumba katikati, ufunge wa kwanza ndipo ufungue wa pili, mdudu asipite na wewe. Muuzaji alisema kijichumba hicho na mlango wake wa pili ni laki sita zaidi, nami nikajiona mjanja kwa kukikataa. Mwezi Juni kwenye majani yakatokea mabaka meupe kama yameandikwa kwa kucha. Ukilinyanyua jani dhidi ya jua, unamwona funza wa kijani ndani ya ngozi ya jani, kati ya karatasi ya juu na ya chini, anakula anatembea. Yule ndiye kanitangaze. Katokea Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, na Tanzania akaonekana mwaka 2014. Jina wamempa wakulima wenyewe, na ukishamwona shambani kwako huhitaji kutafsiriwa. Ndani ya jumba hana mvua ya kumwosha wala ndege wa kumla.

Kilo 15 kwa mche ilikuwa ya kitabuni. Mimi nilivuna kilo 4,100, jumba zima, kuanzia Agosti hadi Novemba. Kwa mgeni si mavuno ya aibu. Bwana shamba alinipongeza.

Sasa soko. Saa kumi na moja alfajiri, soko la Kilombero pale Arusha mjini, pikapu ya kukodi, matenga kumi na mawili nyuma. Nyanya zangu zilikuwa nzuri mno, za duara, nyekundu moja, unaweza kuziweka kwenye kalenda. Dalali alikuwa kijana wa umri wa mwanangu mkubwa, amevaa jaketi la timu na tochi kaibana kwapani. Hakuzitazama za juu. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa moja ya chini kabisa, akaibonyeza kwa kidole gumba na kuigeuza kwenye mwanga.

"Mzee, hizi za jumbani?"

"Ndiyo. Angalia, hata doa haina."

"Uzuri zinao, mzee wangu. Lakini ni za duara, ngozi laini. Hizi za kachumbari, ziliwe hapa hapa mjini. Nikizipakia za Dar, zikifika Chalinze ni mchuzi."

"Kwa hiyo?"

"Elfu kumi na tano tenga. Na ujaze kichwa."

Kujaza kichwa maana yake tenga likishafika ukingoni unaendelea kupanga juu hadi kinakuwa kichuguu. Ni ndugu wa lumbesa, ile ya magunia, ambayo Wakala wa Vipimo wanaipiga marufuku kila mwaka na kila mwaka inaamka na jua. Tenga langu lenye kichwa lilikuwa na kilo kama 43. Pigeni wenyewe: 350 kwa kilo. Nikasema siuzi. Akasema sawa mzee, akaenda kwenye gari jingine. Nikasimama pale hadi saa mbili. Jua likaanza kupiga pikapu, nyanya za pembeni zikaanza kutoa maji, na dereva akaniambia kwa upole kwamba ana kazi nyingine saa tatu. Nikamtafuta yule kijana. Alikuwa anakunywa chai. Akanipa ile ile elfu kumi na tano, na nilimshukuru kwa sababu angeweza kunipa kumi.

Magari matatu mbele yangu zilikuwa nyanya za Ngarenanyuki. Za yai, ngumu kama mawe, zimechafuka vumbi. Zile ziliuzwa elfu kumi na saba, zikapandishwa fuso la Dar.

Jioni ile ndipo nilipofungua tena kompyuta, safari hii kama mhasibu. Mshahara wa kijana kwa miezi saba, 840,000. Mbolea 420,000. Dawa 310,000. Mbegu 180,000, maana mbegu chotara inahesabiwa punje moja moja kama lulu. Usafiri wa sokoni niliukadiria 165,000 hadi mwisho wa msimu. Petroli ya pampu 140,000, kwa sababu tanki nililouziwa lilikuwa la lita 1,000 na miche 1,000 ikiwa mikubwa inakunywa zaidi ya hapo kwa siku moja ya jua, basi nilikuwa nalijaza mara mbili. Jumla 2,055,000. Msimu ulipofungwa, kilo 4,100 kwa wastani wa 350 zilikuwa zimenipa 1,435,000. Kila kilo ilinigharimu shilingi 501 na niliiuza 350.

Na bado sijagusa jumba. Kosa ambalo ningemfukuzia kazi karani wa mwaka wa kwanza, nilikuwa nimelifanya kwenye mali yangu mwenyewe: sikuweka uchakavu. Nailoni ile hupigwa na jua, miaka mitatu, mingi minne, inaanza kupasuka kama ganda la kitunguu. Mipira ya matone huziba kwa tope la mfereji. Nikilikadiria jumba zima miaka mitano ya kuishi, ni milioni 2.3 kwa mwaka, sawasawa na shilingi 6,300 kila siku inayokuchwa, nivune nisivune, nilale niamke, Jumapili na Idi. Nusu mwaka wa gharama hiyo ukiugawa kwa kilo zangu unaongeza 280 kwenye kila kilo. Nilikuwa nazalisha nyanya ya 780 na kuipeleka kusimama foleni moja na ya mjomba.

Mjomba bei hapangi, lakini yeye na wenzake mia kadhaa wa mifereji ile ndio bei yenyewe. Dalali haulizi nyanya imekugharimu nini. Anauliza ngapi zimeingia usiku huu. Mwezi ambao wenye gharama ndogo wanaweza kufika sokoni, mwenye gharama kubwa hana pa kusimama, hata nyanya yake ing'ae vipi.

Msidhani hili ni la wenye mita 8 kwa 30 peke yao. Marekani, jimbo la Kentucky, kampuni ya AppHarvest ilijenga Morehead jumba la kioo la ekari 60. Ilianza kuvuna nyanya Januari 2021, na mwezi uliofuata hisa zake zikaingia soko la Nasdaq huku watu wakigombea. Katikati ya mwaka uleule yenyewe ikatangaza kwamba nyanya za daraja la kwanza zimepatikana chache kuliko ilivyotarajia na bei ni ya chini. Julai 2023 ilikuwa mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika. Walikuwa na wahasibu wengi kuliko mimi.

Msimu wa pili nilifanya kila kitu sawa, nataka hilo lijulikane. Nilisia mwanzoni mwa Desemba. Niliacha za duara, nikatafuta chotara ya yai yenye ngozi ngumu. Nikaweka mlango wa pili kwa hizo laki sita, nikatoboa pembeni na kuweka wavu. Miche ikahama wiki ya pili ya Januari. Kufikia mwisho wa Februari ilikuwa imefika kifuani, vichala vitatu vitatu vimeshika, kijani kibichi, na mimi nilianza tena kufungua kompyuta saa za chakula.

Tarehe za mwanzo za Machi kijana akanipigia simu. Mche mmoja katikati ya tuta la tatu umelala. Majani mabichi, hayana doa, hayakuwa njano, yamelegea tu kama mtu aliyepigwa na jua. Nikasema mwagilia. Jioni ulikuwa umesimama, asubuhi ya pili umelala tena, na jirani zake wawili. Nilipofika Jumamosi ilikuwa kumi na tisa, imefuatana kwa mstari wa mpira wa matone. Bwana shamba wa kata hakuongea. Alikata shina juu kidogo ya udongo, akaomba glasi ya maji safi, akalitumbukiza lile shina likining'inia kwa kijiti. Tukasubiri. Baada ya dakika mbili tatu kikaanza kushuka kutoka kwenye shina kiuzi cheupe, chembamba, kama maziwa yanavyoingia kwenye chai ambayo haijakorogwa.

"Mnyauko bakteria," akasema. "Hii haina dawa, mzee. Iko ardhini."

"Ardhini hadi lini?"

"Miaka."

Mjomba akipata mnyauko anahama kipande. Ndiyo maana anakodi, na ndiyo maana hajawahi kujenga chochote juu ya shamba la nyanya. Mimi nilikuwa nimefungia milioni 11 na nusu juu ya mita za mraba 240, na nguzo zake zimechimbiwa kwa zege. Kupanda nyanya juu ya nyanya mahali palepale ndicho nilichokuwa nimeuziwa ukumbini kwa jina la misimu miwili kwa mwaka. Kinga ya jambo hili ipo na wala si siri: kuunganisha mche wa nyanya juu ya shina la bilinganya linalovumilia mnyauko, kazi ambayo World Vegetable Center, wenye kituo chao hapo hapo Arusha, wameifundisha kwa miaka. Kutoka shambani kwangu hadi kwao ni safari fupi ya daladala. Sikuwahi kwenda kuuliza, kwa sababu nilikuwa na bwana shamba wa miezi mitatu kwenye kifurushi, na miezi mitatu ilikuwa imekwisha.

Aprili ya mwaka ule tenga lilipanda zaidi ya mara mbili ya lile nililouza. Jumba langu lilikuwa na miche sitini na nne.

Ukiniuliza kwa nini sikuacha hapo, nitakwambia ni zile 6,300 kwa siku. Mtu mwenye jumba limesimama tupu anahisi linamlia pesa usiku, kwa hiyo anatafuta cha kulilisha. Nikageukia hoho za rangi, nyekundu na njano, kwenye viroba vyenye udongo mpya tuliouchemsha kwa mvuke kwenye pipa. Hoho ya rangi ina bei, hilo ni kweli. Inangoja muda mrefu mtini kabla haijageuka rangi na wachache wana subira hiyo. Nikapata hoteli moja ya watalii. Meneja ununuzi, dada mmoja mpole, aliniambia anataka kilo 12 kila Jumanne na 12 kila Ijumaa, mwaka mzima, na malipo siku 45 baada ya ankara. Nikasema hakuna shida. Wiki ya kwanza nikawa na kilo 31. Wiki ya tatu nikawa na 70 na hakuzihitaji. Wiki ya sita, mmea ukiwa umepumzika kujiandaa kwa maua mapya, nikawa na kilo 5, na yeye alikuwa na wageni.

"Kaka yangu," aliniambia kwenye simu, bila hasira, "mimi siwezi kumwambia mpishi mmea umepumzika."

Jumba moja ni mtu mmoja anayefanya kazi bila zamu. Hata pale Almería, kusini mwa Hispania, ambako nailoni imefunika zaidi ya hekta 30,000 hadi inaonekana kwenye picha za angani kama theluji, wengi wa wenye mashamba ni familia zenye hekta mbili tatu. Nguvu yao iko kwenye ushirika na minada: wa kwangu umepumzika, wa jirani unazaa, na mnunuzi haoni pengo. Tulikuwa watu kumi na saba wenye majumba kuanzia Usa River hadi Tengeru wakati ule, nilikuja kuhesabu baadaye. Hatukuwahi kukaa chini ya mti mmoja. Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake hoteli yake.

Mwaka wa tatu upepo wa Agosti uliipasua nailoni upande wa mashariki, ikawa inapiga usiku kama tanga. Sikuishona. Kuku wa kijana waliingia, wakakaa.

Kisha akaja binti mmoja aliyekuwa amemaliza Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, akaniuliza kama nitamkodisha. Nikamwonya kuhusu mnyauko, nikamweleza habari ya glasi na kiuzi cheupe. Akasema udongo wangu hauhitaji. Atamwaga kokoto chini na kusimamisha meza za mirunda. Alichotaka ni paa na wavu. Alikuwa anaotesha miche: trei za mashimo 200, za plastiki nyeusi, mstari baada ya mstari. Wakulima wa nje siku hizi wananunua mbegu chotara, na punje ikiwa ghali hivyo hakuna anayetaka kuimwaga kwenye kitalu cha udongo nusu ikaliwa na sisimizi. Wanalipa nusu mapema ndipo anasia, na baada ya wiki nne mche umekwisha kuondoka. Kodi ananipa laki moja na nusu kwa mwezi. Haitoshi uchakavu. Nimeandika hivyo, kwenye safu yake.

Mwaka huu mwanzoni mwa Novemba mjomba alishuka na gari la maziwa kutoka Ngarenanyuki, asubuhi na mapema, kofia mkononi. Hakuja kwangu. Nilimkuta ndani ya jumba, anapita katikati ya meza, anainua miche kwa shingo kuangalia mizizi kama imejaa. Binti alikuwa na daftari.

"Shikamoo babu. Trei ngapi?"

"Marahaba. Trei thelathini. Zile za kuunganishwa na bilinganya, maana kipande changu cha mtoni kimeanza kulala."

"Utapanda tarehe ngapi, babu?"

Mjomba akanitazama kidogo, kisha akamgeukia. "Tarehe kumi na mbili Januari. Na hiyo bei uliyoandika hapo, mjukuu wangu, hebu ifute kwanza tuongee."